Jina Nililolitia Kwenye Wimbo

Imelda mwanangu,

Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona asubuhi ukimaliza kikaango kizima cha viazi kana kwamba huko uendako hawapiki. Sasa umekwenda kusukwa kwa Mama Zuhura, na kwa kuwa Mama Zuhura akishika kichwa cha mtu hushika na habari za mtaa mzima, najua nina mchana wote wa kuandika. Ningeweza kungoja urudi nikuambie kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza jambo zito naingiza mzaha, tunacheka, maji ya chai yanachemka, jambo limepita. Kwenye karatasi hakuna wa kucheka naye, labda leo nitafika mwisho.

Mambo ya safari yako ya Dar nimemwachia baba yako. Amekwisha kukufundisha kukaa kwenye basi, kushuka kwenye basi, na kutopokea soda ya mtu usiyemjua, yeye ambaye akipanda basi la Songea hutapika kabla hatujaiacha Mbinga. Msikilize tu, ndiyo namna yake ya kulia. Mimi nataka kuzungumza kuhusu ile chai ya jana.

Yule meneja wako alipoingia sebuleni na miwani ya jua nilijiandaa vizuri kumchukia. Akaniharibia mpango. Alivua viatu, akasema "Shikamoo mama" kwa sauti ya mtu aliyelelewa, akala maandazi bila kubagua yaliyoungua. Nikaenda jikoni nikiwa nimeshamsamehe. Nilipokuwa narudi na birika nikamsikia akikuambia, "Wimbo ni mkali, Ime, lakini wimbo peke yake hautembei. Tutakutengenezea kiki kidogo." Akamtaja yule msanii ambaye hata baba yako anamjua, na baba yako hamjui msanii yeyote. "Tunavujisha kwamba uko naye. Picha mbili tatu, unakanusha nusunusu. Wiki mbili tu, halafu tunasahau."

Ukamuuliza, "Na mwenyewe kakubali?"

"Atakataaje? Na yeye anatoa nyimbo mwezi huohuo."

"Si ana mke?"

Akacheka. "Ndiyo maana watu watafuatilia."

Ukasema utafikiria. Hapo ndipo nilipomwaga chai kwenye kitambaa, ukanitania kwamba mikono yangu imezeeka. Haijazeeka, mama. Nilikuwa nimemsikia Kapteni anaongea sebuleni kwangu, kwa mdomo wa kijana ambaye hata hakuwa amezaliwa Kapteni alipoongea na mimi.

Hadithi hii unayo vipande vipande, na vingine ulivipata shuleni kwa njia mbaya. Leo nakupa nzima.

Enzi zile bendi zilipanda Mbinga msimu wa malipo ya kahawa. Watu wakishalipwa tu, bendi hizo, na vipaza sauti vyao juu ya gari. Kapteni ndiye alikuwa mwenye bendi. Hakuwa kapteni wa kitu chochote. Alikuwa na kofia. Alinisikia kwenye harusi kule Mkumbi, kwaya yetu ikiimba, akanifuata nyuma ya jiko nikiwa nimeshika sufuria. Akaniambia sauti yangu inaozea mlimani. Mtu akikuambia hivyo na una miaka ishirini, sufuria inakuwa nyepesi ghafla. Babu yako, katekista wa watu, hakusema nenda wala usiende. Alichukua jembe akapanda mteremkoni kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, na haukuwa msimu wa kuchimba ngolo.

Kapteni akanipa jina: Stella wa Nyasa. Mimi, Oresta, mtoto wa mlimani, ambaye ziwa nilikuwa nimeliona mara moja kwa mbali likang'aa kama bati jipya! Nilikuwa naogopa hata maji ya mtoni. Kwenye picha ya kutangaza bendi walinichora nimesimama ndani ya mtumbwi. Bibi yako alipoiona ukutani sokoni akauliza huyu binti mwenye mtumbwi ni wa nani.

Nisikudanganye kwamba yalikuwa mabaya tu. Jioni ya kwanza, besi ilipoingia nikaisikia kwenye mbao za jukwaa, ikapanda kwa nyayo hadi kifuani, nikafungua mdomo na ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Hiyo sijawahi kuijutia. Ndiyo maana hukunisikia nikikukataza hata siku moja, hata ulipoanza kurekodi kwa simu ndani ya kabati la nguo ili kusiwe na mwangwi, ukatukunjia mashati yote.

Lakini kuna kazi mbili, na mimi niliambiwa moja. Ya kwanza ni kuimba. Ya pili inaanza wimbo ukiisha. Wapiga gitaa walimaliza, wakafunga vyombo, wakaenda kulala. Mimi nilibaki "kusalimia wageni," nikihamishwa meza moja hadi nyingine kama sahani ya karanga. Na kabla ya hapo, jukwaani, wanaume walipanda kututuza. Wapiga gitaa waliwekewa noti kwenye kofia. Mimi nilibandikwa kwenye paji la uso, halafu shingoni, halafu mkono ukawa haukumbuki njia ya kurudi. Nikimtazama Kapteni, ananionyesha meno, maana yake nitabasamu. Nilitabasamu msimu mzima. Ukiona hadi leo nikipigwa picha natoka kama niliyenyimwa chakula, ni kwamba mashavu yale yalichoka yakastaafu kabla yangu.

Sasa jina. Tulikuwa na wimbo wa mwanamke anayemngoja mumewe bandarini. Wimbo wa kawaida, hata mtunzi alikuwa anasinzia alipoutunga. Katikati palikuwa na mahali pa kutaja mtu. Ndivyo bendi zilivyofanya: anayetuza vizuri, jina lake linaingia. Msimu ule aliyetuza kuliko wote alikuwa mnunuzi mmoja wa kahawa, mtu mzima, tumbo mbele, tuliyemwita Mizani. Kapteni akanisogelea, kofia na yote, akaninong'oneza, "Usimtaje kama mteja. Mtaje kama wako."

Nikaimba: Mizani wangu, rudi nyumbani.

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti. Mwenyewe Mizani alifunika uso kwa leso kama bibi harusi. Nami nikacheka na kipaza sauti mkononi, nikajiona mjanja wa kwanza mkoa mzima. Jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, ndiyo mtego wake. Wiki hiyohiyo tukashuka Songea kuurekodi, na Kapteni akasema jina libaki, litauza.

Likauza. Kanda ile ilipigwa kwenye kila duka, kila lori, kila kilabu, kuanzia huku kwetu hadi ziwani. Na kila ilipopigwa, mimi nilikuwa wa Mizani.

Kitu cha kwanza kilichonipata hakikuwa Mizani mwenyewe. Nilikuwa sokoni Mbinga, nachagua nyanya. Mama mmoja akaja kusimama pembeni yangu, kitenge safi, rozari mkononi. Akawa anachagua nyanya na yeye. Bila kunitazama akaniambia, "Samahani mwanangu, wewe ndiye Stella?"

Nikajua ni mpenzi wa bendi. Nikatoa meno yangu ya kazini. "Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka unisaidie kitu. Huyo Mizani wako, chakula anapenda kipi? Maana mimi nimempikia tangu sijaota mvi na bado sijajua."

Mwuza nyanya akaacha kupanga. Nikarudisha nyanya niliyoshika. "Mama, sina chochote na baba. Ule ni wimbo tu."

"Wimbo tu," akasema. Wala hakuwa na hasira, Imelda. Ningemshukuru kama angenipiga. Alikuwa amechoka tu. "Wewe ukimaliza kuimba unashuka jukwaani. Mimi nashukia wapi?"

Akalipa nyanya zake akaondoka. Mwuza nyanya akaniuliza kama nachukua au sichukui. Sikuchukua.

Usiku huo nikamwambia Kapteni naondoa lile jina. Akasema ondoa, tuone. Nilipofika mahali pale nikaimba "mume wangu" peke yake. Ukumbi mzima ukanimalizia: "Mizani!" Nikajaribu tena, wakapiga meza. Chupa moja ikapita karibu na sikio la mpiga ngoma, na mpiga ngoma hakuwa amefanya kosa lolote. Nikaimba jina. Nikaliimba kila jumba lililotuita, na watu wale hawakutaka wimbo mwingine. Nilikuwa na nyimbo zangu mbili nilizotunga mwenyewe, nzuri, moja bado unanisikia nikiimba nikiosha vyombo. Hazikupigwa hata mara moja.

Kisha Mizani naye akaamini. Namlaumu nusu. Mtu anasikia kila redio inamwambia anapendwa, mwisho anakuja kuchukua chake. Alikuja gesti tuliyofikia hapa Mbinga, mchana kweupe, saa ya kupumzika. Mwenye gesti alimpa ufunguo wa chumba changu kwa heshima zote, kwa sababu na yeye alikuwa na kanda. Nilimwambia Mizani atoke. Akaketi kitandani, akavua viatu, akasema kwa upole kabisa, "Sasa unanikimbia nini, na wewe ndiye uliyeniita nirudi nyumbani?"

Nilipiga kelele. Ukuta wa pili walikuwa wapiga gitaa na mpiga ngoma, nilisikia wakikohoa. Hakuna aliyekuja. Aliposimama kunifuata mimi nilikuwa nimeshapanda dirisha, nikaruka, nikatua kwenye maharage ya watu yaliyoanikwa uani. Baba yako huwa anasema ndiyo sababu sipendi maharage. Tunacheka, na ni vizuri kucheka, lakini nataka ujue kwamba siku ile nilikimbia peku kuanzia uani hadi barabarani na watu walikuwa wananishangilia. "Stella! Stella! Umemwacha Mizani?" Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Mpiga ngoma akanikuta barabarani na viatu vyangu. Alikuwa mtu mwema, nilikuwa nimemfulia mashati. Nikamuuliza mbona hamkuja. Akatazama chini. "Tulidhani mmekubaliana, dada. Si umemwimba?"

Hilo ndilo neno lililonitoa kwenye muziki. Mizani na dirisha lake ningeyazoea. Hilo lilinishinda.

Kutoka pale hadi nyumbani Mkumbi ningeweza kwenda kwa miguu na kufika kabla ya giza. Badala yake nikapanda lori lililokuwa linashuka ziwani. Angalia ujinga wa mama yako: nilikuwa sitaki nionekane nyumbani nimerudi mikono mitupu. Nilikuwa naogopa watasema, ile sauti yote, kanda zote zile, kaja na mfuko wa nailoni. Nikajiambia nitashuka Mbamba Bay, nitulie kidogo, nikishajipanga ndipo nipande kwetu kama mtu. Stella wa Nyasa akafika Nyasa kwa mara ya kwanza, amekaa juu ya magunia ya mahindi, ametapika njia nzima. Ndiyo, na mimi. Baba yako hajui kwamba tuko wawili.

Nikakaa huko misimu miwili, nikianika usipa, dagaa wa ziwa lile, na kuuza. Harufu yake ilikuwa rafiki yangu, iliwaweka watu mbali kidogo. Lakini hawakuniacha. Akipita mtu na redio, jina langu hilo. Wanawake wa pale ufukweni waliniambia nisogeze meza yangu, mbali na waume zao. Kila ukiinua macho milima ya kwetu ilikuwa pale juu, karibu kabisa. Nilikuwa kama mtu aliyesimama nje ya mlango wa nyumba yake anaogopa kubisha.

Baba yako alikuwa fundi wa injini za boti. Alinunua usipa kwangu, kesho yake akarudi kulalamika una mchanga. Nikamwambia usipa wa ziwani una mchanga, angetaka uwe na nini. Akauliza, "Unaitwa nani, nikirudi tena nijue wa kumlaumu?" Nikasubiri acheke, aseme si wewe ni wa Mizani. Hakusema. Unajua masikio ya baba yako, hatofautishi wimbo na honi ya lori la makaa. Mkoa mzima labda alikuwa yeye peke yake asiyeijua ile kanda. Nikamjibu, "Oresta," na lilitoka kwa shida kama mlango uliofungwa siku nyingi.

Yeye ndiye aliyeniambia nipande nyumbani. Sikupita njia kubwa. Nilizunguka nyuma, nikapita katikati ya mibuni kama mwizi, ndoo ya usipa kichwani. Kahawa ilikuwa imeiva. Bibi yako alikuwa anachuma, akasikia matawi yanatikisika.

"Nani huyo anaiba kahawa yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Oresta."

Nilimwona miguu tu, chini ya majani. Nikangoja aulize habari za kanda, za kanisani, za babu yako aliyekuwa anazima redio kila mahali alipoalikwa hadi wakaacha kumwalika. Akasema, "Basi rudi ukapite mbele, kama watu wa nyumba hii." Imelda, alinirudisha. Nilizunguka shamba lote tena na ndoo yangu, nikaingia kwa njia ya mbele, majirani wakiona. Yeye alikuwa ameshafika uani kunisubiri. Akafunua ndoo, akachukua usipa mmoja, akatafuna. "Wamekauka vizuri," akasema. "Ila wana mchanga."

Nilidhani mambo yameisha pale. Nikaolewa, ukazaliwa wewe, kanda zikakatika, Mizani akafa. Ukiwa darasa la tatu ukarudi nyumbani ukaniuliza, "Mama, Mizani alikuacha?" Kuna mtoto aliyesikia kwa mama yake. Nikakuambia ule ugali. Ningekuambia haya yote siku ile, kwa maneno ya mtoto, lakini nilitabasamu yale matabasamu ya kazini, kwa mwanangu mwenyewe. Ulikula ugali. Na hukuuliza tena.

Kwa hiyo naomba unielewe kuhusu jana. Yule kijana si mbaya. Anaamini kabisa hizo wiki mbili zake. Lakini yeye jina lake haliimbwi. Huyo msanii mkubwa naye wakimwandika watasema dume, atapata wimbo mwingine na mwingine. Wewe watakuita wa fulani, hata utoe wimbo mtamu namna gani watakumalizia kwa jina lake. Na siku mtu akikufungulia mlango kwa ufunguo ambao hukumpa, walio ukuta wa pili watakohoa.

Halafu kuna huyo mke. Wewe mwenyewe ndiye uliyemkumbuka jana, kabla yangu, na nilijivuna nikiwa nimeshika birika. Sijui sura yake. Najua tu kwamba mahali fulani anachagua nyanya.

Sikukatazi. Mimi nani wa kukataza, niliyeondoka na sufuria mkononi? Na Dar sina ugomvi nayo. Yangu yote yalinipata hapahapa Mbinga, karibu kabisa na kanisa. Umesema utafikiria, basi fikiria, na jibu utakalompa liwe la kwako. Nakuongezea tu kwamba wimbo wako nimeusikiliza. Huwa nauweka ukilala, nikiupiga uko macho utavimba kichwa. Ni mzuri. Una pumzi kunishinda, na pale unaposhusha sauti mwishoni mimi nilikuwa siwezi. Kama utatembea polepole kwa miguu yake, uache utembee polepole. Kama hautatembea kabisa, mimi nimeshausikia.

Nasikia geti. Unaingia na kichwa kama boga, Mama Zuhura amekukaza hadi nyusi zimepanda. Baba yako anakuambia tena habari za soda.

Basi niseme la mwisho haraka. Siku utakayorudi, na usiku wowote ukichoka hiyo ndiyo siku, usipange kwanza urudi na nini. Usishuke Songea ukatulia kidogo ujipange. Uje na gari, uje na mfuko wa nailoni, uje wamekuandika vyovyote watakavyokuandika. Watu watakuwa barandani, watakutazama, wengine watacheka. Wewe usipite kwenye mibuni, mwanangu. Pita mbele.

Mama yako,
Oresta